Nyumba Njema si Mlango: Jinsi ya Kuchagua Mtaa wa Kale Unaponunua Nyumba mjini Lubumbashi

Utangulizi

Walimu na watumishi wengi wa chuo kikuu hununua nyumba mara moja tu maishani mwao. Fedha za ununuzi huo hutoka katika akiba ya miaka mingi, katika msaada wa ndugu, au katika malipo ya mwisho wa kazi. Kwa sababu hiyo, akikosea katika uchaguzi wake, mnunuzi hana nafasi ya pili. Na wenye kulipa kosa hilo mara nyingi si yeye mwenyewe, bali ni mjane wake na watoto wake, watakaoletewa barua ya korti wakati yeye hayupo tena kueleza jinsi alivyonunua.

Miongoni mwa wanunuzi hao wako wanaopenda nyumba za kale. Katika makala haya, nyumba ya kale ni ile iliyojengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Sababu za kuipenda ni za maana: kuta zake ni nene, dari yake iko juu, ua wake una miti iliyokwisha kukomaa, nayo huwa karibu na soko, shule na hospitali kuliko mitaa mipya iliyo pembezoni. Lakini mji wetu una mitaa ya kale ya namna nyingi. Je, mnunuzi achague kati ya mji, ambako Wazungu walikaa zamani? Achague Kamalondo au Kenya? Au aelekee Katuba na Ruashi?

Watu wengi hujibu swali hili kwa kulinganisha bei, umbali, na ukubwa wa kiwanja. Sisi tunaona kwamba kuna jambo linalotangulia hayo yote. Kila mtaa wa Lubumbashi una namna yake ya umiliki iliyotokana na historia yake, na kila namna ya umiliki ina hatari yake. Anayechagua mtaa anachagua kwanza aina ya hati atakayoipokea, na aina ya watu watakaoweza kumjia siku moja wakidai kwamba nyumba ni yao. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Kusudi letu hapa ni kueleza kilichomo nyuma ya mlango wa kila mtaa, ili msomaji ajue maswali ya kuuliza kabla hajatoa fedha.

1. Nini hununuliwa anaponunua nyumba?

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja la lugha. Tunasema kila siku kwamba fulani amenunua lupango. Neno hilo, ambalo Lubumbashi limechukua nafasi ya neno sanifu "kiwanja", hukusanya pamoja ardhi, nyumba, ua, na hata watu wakaao humo. Sheria lakini hutenganisha vitu hivyo. Tangu sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali peke yake, nao hauwezi kuuzwa. Kabla yake, sheria ya mwaka 1966, inayojulikana kwa jina la Bakajika, ilikuwa imekwisha kuirudishia Serikali ardhi zilizogawiwa na wakoloni.

Mtu binafsi basi hupewa haki ya kuitumia ardhi kwa njia ya konsesyo. Konsesyo ya kudumu hupewa raia wa Kongo tu, mtu mwenyewe na siyo kampuni. Konsesyo ya kawaida hupewa watu wengine na makampuni kwa muda, nao muda huo kwa kawaida hauzidi miaka 25, ingawa waweza kurudiwa. Mnunuzi, kwa hiyo, hununua majengo, na pamoja nayo huhamishiwa haki ya konsesyo. Haki hiyo huthibitishwa kwa hati moja tu: hati ya uandikishaji, ambayo kwa Kifaransa huitwa "certificat d'enregistrement", itolewayo na mhifadhi wa hati za ardhi na majengo.

Hati hiyo ina nguvu kubwa. Kwa kanuni, miaka 2 ikiisha kupita bila kushtakiwa, haki zilizoandikwa humo hazishambuliki tena. Anayejiona amedhulumiwa hubaki na njia ya kudai fidia tu. Maana yake ni mbili kwa mnunuzi. Akinunua kwa muuzaji ambaye hati yake ni ya zamani na safi, amesimama juu ya mwamba. Akinunua kwa muuzaji ambaye hati yake ilitolewa miezi michache tu iliyopita, ni lazima ajiulize: kabla ya hapo, nyumba hii ilikuwa kwa nani, na kwa njia gani ilitoka mikononi mwake?

2. Kati ya mji: nyumba za barza

Mji ulianzishwa mwaka 1910 na Emile Wangermée kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Barabara zake zilichorwa kwa mistari iliyonyoka na kukatana, na viwanja viligawiwa na Kamati ya Pekee ya Katanga, iliyokuwa na mamlaka juu ya ardhi ya jimbo tangu mwaka 1900. Mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi. Nyumba za kale za sehemu hii ni za matofali ya kuchoma, zenye paa la mabati au vigae, na mbele yake kuna barza.

Neno hili lastahili kutazamwa kidogo. Kiswahili sanifu kina "baraza", mahali pa kuketi mbele ya nyumba, na pia mkutano wa wazee. Wabelgiji walilichukua neno hilo katika Kifaransa chao cha Kongo wakalifupisha kuwa "barza", kwa maana ya veranda; kisha sisi tukalipokea tena kutoka kwao likiwa katika umbo hilo jipya. Kwa hiyo nyumba ya barza ni nyumba ambayo hata jina la sehemu yake moja limehama kwa mwenyewe likarudi. Hati zake zimesafiri vivyo hivyo.

Nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na vyumba vya watumishi, tunavyoviita boyeri. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huu kijitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Johannes Fabian alikichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Umuhimu wake kwa mada yetu ni huu: watumishi nao ni mashahidi wa historia ya nyumba. Walijua mabwana walioingia na waliotoka. Leo boyeri nyingi zimekuwa makao ya familia nzima, na pengine sehemu ya nyuma ya kiwanja imekatwa ikauzwa peke yake. Mnunuzi anayetazama barza tu, asiende nyuma, hujikuta amenunua nusu ya alichokiona.

Hatari ya mitaa ya kati hutokana na kuondoka kwa wenye nyumba wa kwanza. Wengi wao walikuwa Wabelgiji, Wagiriki, Waitaliano, Wareno, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rodi. Baadhi waliondoka mwaka 1960. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza hatua za kuzifanya mali za wageni kuwa mali za raia, yaani zairianisasyo, na majengo mengi ya kupangisha yalibadilisha wenyewe. Mwaka 1976 baadhi ya mali zilirudishwa. Uporaji wa mwaka 1991 ulifanya wageni wengine waondoke. Kila mara palibaki nyumba isiyo na mwenyewe machoni pa watu, ingawa katika vitabu vya mhifadhi jina la mwenyewe lilikuwa bado limeandikwa.

Kwa hiyo, katika mitaa ya kati, swali la kwanza ni hili: ni nani aliyeandikwa katika kitabu cha mhifadhi, na mfululizo wa majina tangu yeye hadi muuzaji wa leo umekamilika? Pasiwe na pengo. Ikiwa nyumba ilipita kwa Serikali, lazima kuwe na andiko la Serikali lililoitoa. Nyumba inayotumiwa kwa kazi ya umma haiwezi kupewa mtu binafsi kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo; afisa anayekaa ndani yake kwa sababu ya cheo chake ni mkaaji tu, hana cha kuuza. Vivyo hivyo nyumba ya shirika la Serikali: miaka 20 ya kukaa humo haimfanyi mkaaji kuwa mwenye nyumba.

Pia kuna sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Jengo lililoorodheshwa chini ya sheria hiyo halibomolewi wala halibadilishwi bila ruhusa. Anayenunua nyumba ya thamani ya kihistoria kwa nia ya kuivunja na kujenga ghorofa aulize mapema. Na anayeinunua kwa kuipenda ajue kwamba sheria hiyo ni mlinzi wake.

3. Kamalondo na Kenya: kitabu cha mwenye lupango

Kusini ya mji wa Wazungu, serikali ya kikoloni ilitenga mitaa ya Waafrika na kuacha eneo tupu katikati. Kamalondo, iliyoitwa kwanza Albert, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kenya ilifuata mwishoni mwa miaka hiyo. Hapa viwanja ni vidogo, nyumba zimekaribiana, na maisha ni ya pamoja. Kamalondo ina uwanja wa mpira wa TP Mazembe, na Kenya ina soko lake kubwa na basilika yake. Anayetaka kimya asinunue hapa. Anayetaka majirani wanaojuana tangu vizazi vitatu hatapata mtaa bora kuliko hii.

Katika mitaa hii Mwafrika hakupewa kwanza umiliki wa ardhi. Alipewa ruhusa ya kukaa, nayo iliandikwa katika kitabu kidogo kiitwacho "livret de logeur". Ni mwaka 1953 tu ndipo dekreti ilipomfungulia Mkongo njia ya kumiliki ardhi na nyumba mjini kama mtu binafsi, na si wote walioifuata njia hiyo. Matokeo yake ni kwamba familia nyingi za Kamalondo na Kenya zilikuwa na zingine zingali na kitabu hicho peke yake. Wazee hukitunza sandukuni kwa heshima, na kwa haki, kwa kuwa ni shahidi wa jasho la baba zao. Lakini kitabu hicho si hati ya uandikishaji. Chathibitisha kwamba mtu fulani alikaa hapo kwa ruhusa. Ili haki ya kudumu ipatikane, ni lazima kigeuzwe kuwa mkataba wa konsesyo, kisha hati itolewe.

Hatari ya hapa basi haitoki kwa mgeni aliyekwenda Ulaya. Yatoka ndani ya familia yenyewe. Baba aliyeandikwa katika kitabu alikufa, tuseme, mwaka 1978. Watoto wake ni 9, wa mama wawili. Mmoja anakaa Likasi, mwingine Zambia. Wajukuu wanakaa katika vyumba vya nyuma. Siku moja mtoto mmoja anamletea mnunuzi kitabu cha baba, anataka fedha upesi. Muuzaji huyo hakuiba kitabu. Lakini hauzi kilicho chake peke yake.

Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, iko wazi. Watoto wote wa marehemu, waliozaliwa katika ndoa na wale waliozaliwa nje yake lakini wakatambuliwa naye, wamo katika kundi la kwanza la warithi, na kundi hilo lina robo tatu za urithi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mjane amo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Hata muuzaji akiwa hai na mwenye nyumba kamili, kama ameoa, idhini ya mke wake yahitajiwa ili nyumba ihamishwe. Vivyo hivyo mke akiwa ndiye muuzaji, yahitajiwa idhini ya mume.

Kwa hiyo, Kamalondo na Kenya, mnunuzi asianzie ofisini. Aanzie uani. Aombe kukutana na familia yote, aulize ni nani msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa, amsikilize mjane mwenyewe bila mtu wa kumsemea, na ahakikishe kwamba warithi wote, hata walio mbali, wametia sahihi. Kazi hiyo huchosha, na wengi huikimbia kwa kusema kwamba mkuu wa mtaa ameshuhudia. Ushahidi wa mkuu wa mtaa ni mwema, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya sahihi ya mrithi.

4. Katuba, Ruashi na kambi za makampuni

Katika miaka ya 1950 mji ulipanuka kwa kasi, na serikali ikaanzisha Katuba na Ruashi. Namna ya ujenzi ilikuwa tofauti na ya zamani. Wakaaji walikopeshwa fedha au vifaa wajenge, wakalipa kidogo kidogo. Katuba bado wanakumbuka mtindo uliopewa jina la mtawala Grévisse. Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, nayo ilijenga nyumba za kuuziwa kwa mkopo katika miji mikubwa ya nchi.

Swali la pekee kuhusu nyumba hizo ni hili: je, mkopo ulilipwa mpaka mwisho, na je, kuna andiko linaloonyesha hivyo? Mwaka 1960 ulipofika, wengi walikuwa bado wanalipa. Waliomaliza na kupewa hati, watoto wao wanauza kwa amani. Wasiomaliza, au waliomaliza bila kupewa hati, wameacha fumbo kwa warithi. Kwa upande mwingine, viwanja vya mitaa hii vilipimwa vizuri, na mfululizo wa majina ni mfupi: mara nyingi ni babu, baba, na muuzaji. Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo, ufupi huo ni faida kuliko uzuri wa barza.

Kambi za makampuni, kwa mfano zile za Gécamines na za reli, ni jambo lingine. Humo mfanyakazi alikaa kwa sababu ya kazi yake, na kazi ilipokwisha, haki ya kukaa nayo ilikwisha. Palipo na nyumba iliyouzwa au kuachiwa mfanyakazi, lazima pawe na andiko la kampuni lenye jina lake na nambari ya nyumba. Bila andiko hilo, bei hata ikiwa ndogo namna gani, ni kubwa mno.

Hatuwezi kuacha jambo moja zito linalogusa mitaa yote. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi waliacha nyumba zao au waliziuza kwa bei ya kutupa ili wapate nauli. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo ingali msingi wa mikataba yetu, husema kwamba ridhaa iliyotolewa kwa nguvu si ridhaa halali. Lakini tusingoje korti itufundishe jambo hilo. Mnunuzi anayeona katika mfululizo wa hati uuzaji wa miaka ile, kwa bei isiyolingana na nyumba, aulize ilikuwaje. Akigundua kwamba mwenye nyumba alikimbizwa, aelewe kwamba anaombwa kukalia machozi ya mtu.

5. Kusoma hati za zamani

Hapa mwanafunzi wa lugha na historia ana silaha ambayo mnunuzi mwingine hana. Hati ni maandishi, na maandishi hubeba alama za wakati wake. Jina la mji lilikuwa Elisabethville hadi mwaka 1966, kisha likawa Lubumbashi. Nchi iliitwa Zaïre kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Jimbo liliitwa Shaba kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997, likarudia jina la Katanga, kisha mwaka 2015 likagawanyika, na Lubumbashi ikawa makao makuu ya Haut-Katanga. Kati ya Julai 1960 na Januari 1963, wakati wa kujitenga, ofisi zilitumia jina la Nchi ya Katanga.

Fedha nazo ni shahidi. Bei iliandikwa kwa faranga hadi mwaka 1967, kwa zaïre hadi 1993, kwa zaïre mpya hadi 1998, na kwa faranga ya Kongo tangu hapo, pasipo kusahau dola ambayo watu wameizoea. Kwa hiyo mkataba unaodaiwa kuwa wa mwaka 1965 lakini bei yake imeandikwa kwa zaïre, au hati ya mwaka 1985 yenye jina la jimbo la Katanga, vyatosha kumfanya mnunuzi asimame. Vivyo hivyo hati inayodaiwa kutolewa na Kamati ya Pekee ya Katanga mwaka 1964, wakati kamati hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwaka 1960.

Lakini mnunuzi asihesabu kila tofauti kuwa udanganyifu. Mwaka 1972 wananchi walilazimishwa kuacha majina yao ya Kikristo. Mtu aliyeandikwa Joseph mwaka 1968 huenda akaonekana mwaka 1975 kwa jina ambalo halina Joseph ndani yake, naye ni yule yule. Barabara pia zimebadilishwa majina, hata nyumba moja ikawa na anwani tatu bila kusogea. Katika hali hizo, linalotafutwa ni uhusiano kati ya majina: andiko la raia, nambari ya kiwanja katika kadastri, ushahidi wa majirani wa zamani. Nambari ya kiwanja ndiyo ya kushika, kwa kuwa haibadiliki upesi kama majina.

6. Kuta, udongo na hewa

Hati zikiisha kuchunguzwa, ndipo jengo lenyewe litazamwe. Matofali mengi ya mji huu yametokana na udongo wa vichuguu, nao ni imara yakichomwa vizuri. Adui wa nyumba ya kale ni mchwa katika mbao za paa, maji yanayopanda kutoka katika msingi, na nyaya za umeme zilizochakaa. Masika yetu huanza Novemba na kuisha Machi au Aprili. Nyumba iliyotazamwa Agosti tu haijatazamwa. Mnunuzi arudi wakati wa mvua, aangalie madoa ya dari, na aone maji ya barabarani yanaelekea wapi. Paa za saruji iliyochanganywa na asbesto zisikatwe wala kuvunjwa ovyo, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Udongo nao una historia. Upepo mwingi wa Lubumbashi hutoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi ulisukuma moshi wa kiwanda cha shaba kuelekea kaskazini-magharibi, ambako mimea ilikufa na udongo ukajaa shaba na metali nyingine. Penga Penga ni mfano unaojulikana na wataalamu wetu wa kilimo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven ulionyesha kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya metali katika Katanga wana metali nyingi mwilini, na watoto zaidi. Mwenye watoto wadogo anayenunua nyumba upande huo apimishe udongo wa ua kabla ya kulima mboga humo, na asiache watoto wachezee vumbi.

Hitimisho

Tukikusanya yaliyosemwa, mitaa ya kale yaweza kutofautishwa kwa mtu ambaye mnunuzi hana budi kumtafuta kabla ya kulipa. Kati ya mji, amtafute mwenye nyumba wa kwanza katika vitabu vya mhifadhi, na kumfuata jina kwa jina hadi leo. Kamalondo na Kenya, amtafute mjane na warithi wote. Katuba na Ruashi, atafute andiko la kumaliza mkopo. Katika kambi, atafute sahihi ya kampuni. Mahali pote, mkataba uandikwe mbele ya noteri au mhifadhi, na fedha zisitolewe zote kabla hati mpya haijatoka kwa jina la mnunuzi.

Ikiwa mtu ana mitaa miwili mbele yake, mmoja wenye nyumba nzuri na mfululizo wenye pengo, na mwingine wenye nyumba ya kawaida na mfululizo kamili, tunamshauri achukue wa pili bila kusita. Dari iliyopasuka huzibwa, mchwa huuawa, barza hujengwa upya. Pengo katika hati halizibwi kwa fedha ya mshahara wa mwalimu.

Na iwapo amepata nyumba ya kale yenye hati safi, jukumu lake halijaisha. Na aandikishe ndoa yake na watoto wake, aweke nakala za hati mahali pawili, na awaeleze wanawe jinsi nyumba ilivyopatikana. Nyumba nyingi zilizotajwa hapa zilianza kugombewa siku mwenyewe alipokufa bila kusema neno.